Gari Lisilotoa Moshi

Katika gereji ile iliyokuwa nyuma ya ghala la saruji, mafundi waliitana kwa kazi zao au kwa vituko vyao, na yeye walimwita Profesa. Hakuwa amesoma zaidi ya chuo cha ufundi, na hicho chenyewe alikimaliza kwa kusukumwa. Jina alilipata kwa sababu hakuna swali lililowahi kumpita bila kujibiwa. Mteja akiuliza mbona gari linanuka waya, Profesa anajibu kabla ya kufungua boneti. Akiuliza mbona taa zinafifia akipiga honi, anajibu huku bado anafuta mikono. Mara nyingi jibu lilikuwa sahihi, maana alikuwa fundi umeme wa magari mzuri kweli, mwenye vidole vyepesi na subira ya kuufuata waya mmoja kutoka kwenye fyuzi hadi taa ya nyuma bila kutoa hata tusi moja. Mara nyingine jibu lilikuwa limeokotwa tu hewani. Hapo alilirekebisha kimyakimya akiwa amelala chini ya dashibodi, na mteja aliondoka bila kujua kwamba alichoambiwa asubuhi sicho kilichotengenezwa jioni.

Bwana aliyemfundisha kazi ndiye aliyemtia tabia hiyo. "Mteja akikuona unasita," alikuwa akimwambia, "anavuka barabara anakwenda kwa yule pale. Sema kwanza, utatafuta baadaye." Gereji nzima iliishi hivyo. Hakuna aliyeiita tabia hiyo uongo. Waliiita kumtuliza mteja, na kwa kuwa magari yaliondoka yakiwa yanatembea, hakuna aliyeona sababu ya kujichunguza.

Profesa alikuwa na dada mmoja, mkubwa kwake kwa miaka mingi, karani wa shule, mwanamke mrefu aliyekuwa mkali kwa saa na kwa maneno. Baba yao alipofariki, dada huyo aliacha masomo akaenda kufanya kazi ili mdogo wake aende chuo. Hakuwahi kumsimanga kwa hilo, na labda ndiyo maana deni lile lilimkaa Profesa mabegani zaidi. Mbele ya wateja alikuwa Profesa. Mbele ya dada yake alikuwa bado kijana anayetaka kuonekana kwamba hakusomeshwa bure.

Mama yao aliishi kwa dada. Uzee ulikuwa umemwingia kifuani. Siku za joto alipumua kwa shida, miguu ikivimba, na nyumba ile ya paa la bati ilikuwa ikiiva mchana kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Palipokuwa na umeme, feni ilimsaidia. Lakini umeme ulikuwa na tabia ya kukatika saa zilezile ambazo jua lilikuwa limesimama juu ya paa, na hapo mama alikaa kitandani akijipepea kwa kipande cha boksi, macho yamemtoka, akisema hana neno.

Ndipo dada akapata wazo la gari. Alikuwa amenunua gari dogo la haibridi, yale yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, kwa sababu aliambiwa hayanywi mafuta. Umeme ukikatika alimpeleka mama bandani, akamkalisha kiti cha nyuma, akaliwasha na kufungulia kiyoyozi. Mama akapata usingizi. Banda lenyewe lilikuwa chumba cha kuta nne kilichoshikana na jiko, chenye mlango mdogo wa kuingilia ndani ya nyumba na mlango mkubwa wa chuma wa kutokea barabarani.

Jumamosi moja dada akaingia gereji na gari lake, na kiboksi kidogo mkononi.

"Shikamoo, dada," Profesa akasema akitoka chini ya pikapu.

"Marahaba. Kabla ya yote, hilo shati ulilifua lini?"

"Dada, hilo si shati tena," akadakia fundi wa rangi aliyeitwa Msasa, rafiki wa Profesa, mtu asiyeweza kuona mdomo umefungwa asiufungue. "Hiyo ni ramani ya gereji. Pale kwenye kwapa ndipo ofisini."

Dada hakucheka, ila pembe ya mdomo ilimcheza. Akamkabidhi mdogo wake kiboksi. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha kuwashia gari kwa mbali, na rimoti yake ndogo yenye kitufe kimoja.

"Gari likikaa bandani linakuwa tanuri," akaeleza. "Mama akiingia, kabla halijapoa, anakohoa mpaka naogopa. Nataka niliwashe nikiwa jikoni, lipoe, ndipo nimpeleke. Unaweza, au nitafute mtu?"

Maneno hayo ya mwisho, *au nitafute mtu*, yalimchoma Profesa kuliko alivyokusudia aliyeyasema. Vifaa vya namna ile alikuwa amefunga vingi, lakini kwenye magari ya petroli tu. La haibridi hakuwahi. Aliyajua kwa kuyaona, kwa kubadilisha taa zake, na kwa hadithi za mafundi wenzake.

"Dada, hiyo kazi ya mkono mmoja," akasema.

"Na moshi je? Maana mlango wa banda tunaufunga. Mama hataki majirani wamwone. Anasema watadhani tumemfukuza nyumbani tukamweka garini kama mzigo."

Hili ndilo lilikuwa swali. Liliulizwa waziwazi, mchana kweupe, na mtu aliyekuwa na haki ya kuuliza. Profesa hakusita kujibu.

"Moshi wa wapi, dada? Hili likisimama injini inalala. Inafanya kazi betri tu. Njoo usikie."

Akaliwasha. Dashibodi ikawaka, kiyoyozi kikaanza kuvuma taratibu, lakini injini haikutoa hata mguno. Watatu wale wakasimama kama watu wanaomsikiliza mtoto aliyelala. Msasa akaenda nyuma, akachutama, akaweka kiganja kwenye bomba la moshi.

"Halipumui," akatangaza. "Mzikeni."

"Umeona?" Profesa akamwambia dada yake. "Umeme mtupu. Hata mkimlaza mama humo mpaka asubuhi."

Dada akaridhika. Kwa nini asiridhike? Yule alikuwa mdogo wake, na hii ndiyo kazi aliyomsomeshea. Kumbe siku hiyo gari lilikuwa limetoka safari na betri yake ilikuwa imejaa. Hilo Profesa hakulipima. Alilipima gari kwa sikio, kama mafundi wote wa zamani walivyozoea: linaloguruma limewaka, lililonyamaza limezima. Aina hii ya gari huwa imewaka hata ikiwa kimya, na betri yake ikipungua huiamsha injini yenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa.

Kazi aliifanya vizuri, na hilo lisemwe. Alifungua dashibodi bila kuvunja hata kibanio kimoja. Alitoa kijiwe cha ufunguo wa akiba, kile kinachotambuliwa na gari, akakificha ndani ili gari lidhani mwenyewe yupo, akatafuta waya wa breki, kwa kuwa gari lile haliwaki bila breki kukanyagwa, akakifundisha kifaa kulidanganya kwamba mguu uko pale. Alilehemu kila kiungo, akazungusha utepe, akafunga nyaya kwa mpangilio ambao hata fundi mwenzake angeusifu. Dada alibonyeza rimoti akiwa ng'ambo ya uwanja, na taa za gari zikakonyeza.

"Mashallah," Msasa akasema. "Sasa lifundishe na kupiga deki."

Baada ya wiki kadhaa dada akapiga simu. Gari lilikuwa linajizima lenyewe baada ya dakika chache, na mama alikuwa akiamka kwa joto kila alipoanza kusinzia. Profesa akaenda na mkoba wake. Alimkuta mama garini, kiti cha nyuma, viatu amevivua na kuvipanga sakafuni kana kwamba yuko mlangoni pa msikiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kwangu. Sina hata kiti cha kukukaribisha, labda ukae kwenye usukani uwe dereva wangu."

"Nikupeleke wapi?"

"Popote penye baridi. Ila gari lako lina wivu, baba. Likiona nimeanza kukoroma tu, linazima. Limeniona mvivu?"

Profesa alicheka. Kifaa kilikuwa kimewekewa kikomo na waliokitengeneza: kinawasha gari kwa muda mfupi tu, kisha kinazima. Mtu mwenye tabia ya kujiuliza angejiuliza kwa nini. Profesa alijijibu kabla hajajiuliza, akasema moyoni ni kubana mafuta tu. Akaunganisha kiswichi kidogo alichokitengeneza mwenyewe, ili kila kifaa kikizima gari, kiswichi kiliwashe tena chenyewe. Alijisikia vizuri. Ilikuwa kazi ya akili, isiyopatikana dukani.

"Sasa lala utakavyo," akamwambia mama.

"Mungu akupe, baba. Wewe ndiye daktari wangu."

Siku ya Jumanne, kama mwezi mmoja baadaye, mwezi wa mawingu ambao umeme ulikatika kwa muda mfupi tu, dereva wa teksi alileta gari la haibridi, ndugu wa lile la dada, bampa la nyuma limechubuka. Profesa aliliwasha ili aangalie taa, akaacha kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa, akaenda kutafuta balbu. Msasa alikuwa amechutama nyuma akipiga msasa bampa na kuimba puani. Gari lilikuwa kimya. Likaendelea kuwa kimya. Kisha, bila mtu kuligusa, injini ikaamka, na bomba likamtemea Msasa moshi usoni.

Msasa aliruka nyuma, akakaa chini kwenye kopo la rangi.

"Limenijambia!" akapiga kelele. "Profesa! Gari la mteja wako limenijambia usoni, na mimi sijalitukana!"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Profesa alikuja akiwa na balbu mkononi, akasimama. Injini ilikuwa ikiguruma kwa utulivu, na nyuma ya bomba hewa ilikuwa ikitetemeka.

"Nani kaliwasha?"

"Nani? Nani kaliwasha? Limejiwasha! Wewe si ndiye uliyesema haya hayatoi moshi? Mimi niliweka mkono mwenyewe nikasema limekufa."

"Hili ni bovu," Profesa akajibu.

Jibu lilimtoka kama kawaida, kabla ya wazo. Lakini safari hii wazo lilikuja nyuma yake, na lilikuja zito. Aliwasubiri wenzake warudi kwenye kazi zao, akakaa ndani ya gari lile akitazama picha ya betri kwenye dashibodi. Injini ikazima. Kiyoyozi kikaendelea kuvuma, na betri ikaanza kushuka, pole pole, mstari baada ya mstari. Ilipofika chini injini ikaamka tena. Halikuwa bovu. Ndivyo lilivyoumbwa. Profesa akaona banda la dada yake, kuta nne, mlango wa chuma umefungwa, na viatu vya mama vimepangwa sakafuni.

Akatoka nje ya uzio wa gereji, akapiga simu.

"Dada, hamjambo?"

"Hatujambo. Vipi, mbona saa za kazi?"

"Nilikuwa nataka uniletee gari. Nilitazame kidogo."

"Lina nini?"

Hapa palikuwa pahali pa kusema. Sentensi ilikuwa fupi: *Msimweke mama humo tena, nilikosea.* Mtoto angeweza kuisema. Profesa aliifikisha mpaka kwenye meno, kisha akawaza sauti ya dada itakavyobadilika, akawaza lile *au nitafute mtu*, akaimeza.

"Halina kitu. Kuna waya mmoja nataka kuukaza."

"Kuna hatari?"

"Hapana, hatari gani. Waya tu."

"Basi Jumapili. Wiki hii tuna mitihani, sina hata nafasi ya kujikuna."

"Sawa, dada. Jumapili. Mama mzima?"

"Mzima. Anakusalimia, anasema dereva wake haonekani."

Hivyo ndivyo walivyoagana. Hakuwa mwovu; wengi wetu tungependa awe mwovu, ili tujione hatufanani naye. Alimpenda mama yake. Siku zile alitazama mbingu kila asubuhi, akiona mawingu anafurahi, akijiambia hakutakuwa na joto, umeme hautakatika, na hata ukikatika labda mama atalala kidogo tu. Alikuwa amekwisha kupanga namna ya kumaliza jambo bila aibu: Jumapili angekwenda, angetoboa ukuta wa banda, angevuta bomba la moshi hadi nje, na angemwambia dada kwamba ni maboresho. Alikuwa amekwisha hata kuchagua bomba. Kila kitu alikuwa nacho tayari, ila ile sentensi.

Jumamosi mawingu yakaondoka. Mchana umeme ukakatika. Dada, akiwa jikoni anasahihisha orodha za wanafunzi, akabonyeza kitufe, akangoja, akampeleka mama bandani, akamfunika miguu kwa kanga, akafunga mlango. Alipokwenda kumwamsha ale, mama hakuamka. Kichwa kilikuwa kimeangukia kioo. Dada alihangaika naye mle bandani, akimwita, akimpiga mashavu, mpaka yeye mwenyewe akaona kuta zinazunguka. Akadhani ni hofu. Akafungua mlango mkubwa, akaingia kwenye usukani, akampeleka mama hospitali kwa gari lilelile.

Profesa alipigiwa simu, akawakuta chumba cha dharura, nyuma ya pazia la kijani. Mama alikuwa amelazwa chali, amevishwa kinyago cha oksijeni, mdomo wazi. Dada alikuwa amejishika paji la uso. Daktari, mwanamke mwenye macho ya mtu aliyekesha, alikuwa akitazama kidude kilichobana kidole cha mama.

"Hewa mwilini inaonyesha iko sawa," daktari akasema. "Presha iko juu. Umri huu, joto hili, nafikiria kiharusi. Lakini niambieni, alikuwa wapi? Karibu na jiko la mkaa? Jenereta?"

"Hapana," dada akasema. "Alikuwa amelala garini. Lina kiyoyozi."

"Gari limewaka? Limefungiwa ndani?"

"Bandani, ndiyo. Lakini si gari la moshi, daktari. Ni la umeme. Mdogo wangu huyu ni fundi, yeye ndiye aliyelitengeneza." Akamgeukia. "Mwambie daktari."

Wote wawili wakamtazama. Daktari alimtazama kwa kungoja. Dada alimtazama kwa imani, imani yote aliyoijenga tangu siku aliyoacha masomo yake mwenyewe.

"Kwa kawaida," Profesa akasema, "halitoi."

Daktari akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa na wagonjwa wengi na mitungi michache. Kidude cha kidoleni kilikuwa kimesema hewa ipo, na fundi amesema moshi haupo. Akamvua mama kinyago akampa muuguzi ampelekee mgonjwa wa pazia la pili, aliyekuwa akikoroma kwa pumu. Akaandika mama apelekwe kupigwa picha ya kichwa, foleni ikipungua.

Profesa alikaa kwenye benchi la korido. Watu walipita, ndoo ya maji ilipita, kitanda chenye gurudumu linalolia kilipita. Alijiambia daktari ndiye mjuzi. Alijiambia kidude kimesema. Alijiambia kila kitu ambacho mtu hujiambia. Mama alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akivuta hewa ya kawaida ya chumba kile chenye joto, na damu yake ilikuwa imejaa sumu isiyo na rangi wala harufu, sumu ambayo kidude kile hakijui kuitofautisha na uhai.

Dada akaja, akaketi kando yake, kisha akainama ghafla na kutapika sakafuni.

"Kichwa," akasema. "Kichwa kinapasuka. Tangu nilipokuwa bandani. Sijui ni nini."

Alikuwa akitetemeka. Profesa alimshika bega, akamwona alivyokuwa, mwanamke wa makamo aliyetapikia viatu vyake, ambaye naye angeweza kulala chini pale bandani asiinuke. Ndipo alipoinuka. Hakwenda kwa ujasiri; alikwenda kama mtu anayesukumwa kutoka nyuma. Akafunua pazia.

"Daktari, linatoa."

"Nini kinatoa?"

"Gari. Linatoa moshi. Betri ikishuka injini inajiwasha. Lilikuwa na kikomo cha kuzima, mimi nikakiondoa. Na mlango ulikuwa umefungwa. Na dada yangu naye anatapika huko nje."

Daktari hakumgombeza. Aligeuka akamwita muuguzi kwa sauti iliyofanya watu wa korido wageuke: mtungi mzima, kinyago kikubwa, sasa hivi, na yule dada aliyeko kwenye benchi aletwe ndani. Mikono yake ilikuwa tayari kichwani mwa mama. Baada ya hapo tu ndipo alipomtazama Profesa, mara moja.

"Nilikuuliza," akasema.

Mama hakufa. Watu waliokuja kumjulia hali walishukuru, wakasema amerudi. Aliyerudi alikuwa nusu. Mkono wa kulia ulitetemeka mpaka kikombe kikamwagika, na kumbukumbu yake ilikuwa kama chujio: ya zamani aliyajua, ya leo yalipita moja kwa moja. Profesa alimuuliza daktari ni kiasi gani kiliharibika bandani na ni kiasi gani kiliharibika pale kinyago kilipoondolewa. Daktari akajibu kwamba hakuna kipimo cha kutenganisha hayo. Profesa alikuwa ametumaini atapewa jibu lolote, hata la uongo. Hakupewa.

Dada alipopata nafuu na mama kurudishwa nyumbani, alimngojea mdogo wake barazani. Alikuwa amekwisha kuyaweka mambo pamoja. Alikuwa karani, kazi yake ilikuwa kuona kisicholingana.

"Ulijua lini?"

"Dada..."

"Nimekuuliza lini."

"Jumanne."

"Jumanne ulinipigia simu."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza kama kuna hatari."

"Ndiyo, dada."

"Ukaniambia waya."

Dada alimtazama. Hakulia, wala hakuinua sauti, na Profesa angetoa chochote ili ainue.

"Ungesema hukujua, ningekusamehe palepale mlangoni," dada akasema. "Ile ya kwanza mtu yeyote angeweza kukosea. Ulikuwa hujui. Mimi nashindwa na hii ya Jumanne. Nimeigeuza huku na huku, naona haina mahali pa kushikia."

"Nilikuwa naogopa utanionaje."

"Sasa unaonaje ninavyokuona?"

Akaingia ndani. Mlango aliuacha wazi, na Profesa hakujua kama ameachiwa yeye au ameachiwa upepo. Akabaki amesimama mpaka dada akamwita.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, dirisha limefunguliwa. Alimtambua mwanawe, akafurahi. Akauliza mbona mkono wake hautulii, amepatwa na nini. Profesa alimtazama dada yake, akitumaini.

"Mimi ananiuliza kutwa nzima," dada akasema, akikunja nguo, bila kugeuka. "Nimechoka kumwambia ni presha. Mwambie wewe. Na kesho uje umwambie, na keshokutwa. Ndiyo kazi yako hapa."

Profesa akavuta kigoda, akakaa. Akamwambia mama yake yote: gari, betri, kiswichi alichokitengeneza kwa akili yake, simu ya Jumanne, na neno alilosema mbele ya daktari. Ilimchukua muda, kwa sababu mara mbili alianza kuyapamba na mara mbili akaona mikono ya dada imesimama juu ya nguo. Mama alisikiliza hadi mwisho, uso ukimbadilika pole pole kama mtu anayeletewa msiba. Akalia. Akasema, "Mwanangu mwenyewe?" Akageukia ukutani.

Profesa akakaa akiutazama mgongo wake. Barabarani gari lilipita. Baada ya kitambo mama akageuka tena, macho yakiwa makavu, uso umekunjuka, akamwona, akatabasamu.

"Baba, umekuja saa ngapi? Hebu utazame mkono wangu huu. Hautulii. Nimepatwa na nini?"

Dada aliendelea kukunja nguo. Profesa akavuta kigoda karibu zaidi, akaanza upya.